UZI: Kulinda pikapu ya dizeli dhidi ya wizi. Anza na pampu, honi ya alamu baadaye

Nozeli_Nne (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kila akiuliza mtu kuhusu wizi wa pikapu humu, anajibiwa "funga alamu" au "kata pampu ya mafuta". Majibu hayo ni ya Corolla. Hilux ya 5L, Land Cruiser mkonga ya 1HZ, Isuzu ya 4JA1 au Nissan ya TD27 ni mashine za namna nyingine, na fundi asiyelijua hilo atakufungia kitu ambacho mwizi anakipita ukiwa bado unavaa kandambili.

Dizeli haina cheche. Hewa inagandamizwa mpaka inapata joto, nozeli inapuliza mafuta, yanawaka yenyewe. Tangini mara nyingi hamna pampu ya umeme. Pampu ya nozeli inajivutia yenyewe. Kwa hiyo ile relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu ya mafuta unayoambiwa ukate, kwenye gari hizi haipo. Hita plagi, zile za kupasha joto kabla ya kuwasha, nazo usihangaike nazo. Dar au Mombasa injini nzima inawaka bila hita. Labda Makete saa kumi na moja alfajiri ndiyo itamsumbua mwizi.

Kitu cha umeme kinachoruhusu injini ya zamani iishi ni kimoja: solenoidi ya kuzimia, yaani vali ya mafuta inayoendeshwa na umeme. Iko nyuma ya pampu, upande zinakotokea bomba za nozeli, ina waya mmoja na kofia ya mpira. Ufunguo ukiwa ON inapata volti 12 na kufungua njia ya mafuta. Ukiuzima, springi inarudisha, mafuta yanakatika. Kuhakikisha ndiyo yenyewe: injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), chomoa waya huo, injini inakufa papo hapo. Urudishe ufunguo ukiwa ON, utasikia "tak".

Hapo ndipo penye udhaifu wote. Mtu akifungua boneti na kutoa umeme wa betri moja kwa moja hadi kwenye solenoidi, ufunguo wako ni pambo. Ndiyo maana swichi ya siri ndani ya kabini peke yake haitoshi: umelinda mwanzo wa waya, mwisho wake uko wazi.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa injini za aina hii:

1. Kofia ya chuma juu ya solenoidi. Bamba la mm 3, likunjwe liwe kikombe, lishikwe na bolti za mabano ya pampu yenyewe. Usichomelee chochote kwenye pampu. Joto linaharibu sili za ndani.
2. Waya wa kwenda solenoidi, mm² 1.5, upite ndani ya bomba la chuma la kunyumbuka kuanzia ukuta wa kabini hadi ndani ya kofia. Usiache sehemu inayoonekana.
3. Relei inayojishika, ndani ya kabini, mbali na boksi la fyuzi.
4. Kufuli ya boneti inayofunguliwa kwa kebo ya pili, tofauti na ile ya kiwandani.

Solenoidi yenyewe inakula kama ampea 1, kwa hiyo fyuzi ya 5 inatosha. Ukiweka ya 20, waya ndiyo itakuwa fyuzi.

---

Mama_Gunia

Shukrani mkuu. Fafanua hiyo relei inayojishika. Mafundi wengi wanaweka swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima, na dereva akishaizoea anaiacha ON wiki nzima.

---

Nozeli_Nne

Dada, umegusa penyewe. Swichi inayotegemea kumbukumbu ya dereva haina kazi. Relei inayojishika inakata umeme yenyewe kila ufunguo unapozimwa.

Chukua relei ya kawaida ya pini nne, volti 12, ampea 30 au 40. Pini 30 ipate umeme wa ufunguo. Pini 87 iende solenoidi. Kutoka 87 hiyohiyo rudisha waya mwingine mpaka 86. Pini 85 iende bodi, yaani chuma cha gari chenye hasi ya betri. Halafu weka kitufe cha kubonyeza na kuachia kati ya 30 na 86. Ukiwasha ufunguo hakuna kinachotokea. Ukigusa kitufe mara moja, koili inavuta, 87 inapata umeme na kuilisha 86, relei inajishika. Ukizima ufunguo inaachia. Safari inayofuata lazima ubonyeze tena.

Mambo matatu yanayoharibika hapa:

Umeme wa ufunguo usitolewe kwenye laini ya redio. Laini hiyo hukatika wakati stata inazunguka, relei inaachia, na gari linazunguka bila kuwaka. Tafuta laini inayobaki hai ufunguo ukiwa ON na ukiwa START pia. Pima kwa mita, mtu mwingine akipiga stata.

Betri ikichoka, volti hushuka sana wakati wa stata, relei inashindwa kujishika. Watu hukimbilia kulaumu relei kumbe betri inaomba kustaafu.

Bodi ya pini 85. Kwangua rangi, funga kwa kichwa cha pete na bolti ya M6, paka grisi. Waya ukilegea hapo injini itazimika ukiwa mlimani, na ikizimika usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara moja mbili tu. Mtu asifanye kazi hii kwa waya wa kusokota na tepu.

---

Relei_87a

Nyongeza kwenye kitufe. Usikiweke chini ya usukani, kila fundi anakiweka hapo na kila mwizi anaanzia hapo. Tumia kitufe cha kiwandani kisicho na kazi kwenye gari lako, au swichi ya sumaku, ile ya kichupa kidogo cha kioo. Unaibandika nyuma ya plastiki ya dashibodi, haionekani wala haina tundu. Sumaku ndogo inakaa kwenye funguo zako, unaipitisha mahali unapopajua.

Lakini ile kichupa haiwezi mzigo. Nyingi zinabeba nusu ampea tu. Koili ya relei inakula ampea 0.15 hadi 0.2, hapo ni salama. Ila kwenye mchoro wa mkuu hapo juu 86 na 87 zimeungana, kwa hiyo wakati wa kubonyeza kitufe kinalisha na solenoidi pia, na ampea 1 yake inazidi uwezo wa kichupa. Kwenye waya wa kutoka 87 kwenda 86 weka dayodi ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), mstari wake uelekee 86, ndipo kitufe kitalisha koili tu. Weka dayodi nyingine kama hiyo sambamba na koili, mstari wake mweupe uelekee upande wa chanya, yaani pini 86. Bila hiyo, koili ikiachia inarudisha mpigo wa umeme unaoweza kugandisha midomo ya kichupa. Ikiganda, swichi imefunga daima na wewe hujui.

---

KijanaWaGerezani

Kwa nini mateso yote hayo? Kata waya wa stata, kazi imeisha.

---

Nozeli_Nne

Ndugu, pikapu ya gia za mkono yenye pampu ya zamani inawaka kwa kusukumwa. Vijana wanne na kamteremko kadogo, gia ya pili, klachi, imeondoka. Stata iliyokatwa imewasaidia kuondoka kimyakimya.

Kukata stata ni nyongeza nzuri, siyo mbadala. Na ukikata, kata waya mwembamba wa kuamsha stata, usiguse ule mnene. Huo mwembamba nao, kama gari halina relei ya stata, unaweza kuvuta ampea 30 au zaidi pale stata inaporuka. Swichi ndogo ya ampea 6 itayeyuka. Pitisha kwenye relei ya 40, swichi ibebe koili tu.

---

Eldo_Double_Cab

Habari kutoka huku Eldoret. Hapa wengi wana Hilux za 2KD na 1GD, na D-Max za 4JJ1. Hizo za komoni reli (mafuta ya presha kubwa, nozeli zinaamriwa na kompyuta) mnazifanyaje? Fundi wa jua kali alipendekeza koki kwenye laini ya dizeli.

---

Relei_87a

Kaka, koki kwenye komoni reli ni kosa la gharama kubwa. Pampu ya presha kubwa inalainishwa na dizeli yenyewe. Mwizi akiwasha koki ikiwa imefungwa, injini inaishi kwa mafuta yaliyobaki kwenye bomba na filta, kisha pampu inazunguka kavu. Inasagika, vumbi la chuma linaingia kwenye reli na nozeli. Utalipata gari, halafu utanunua pampu na nozeli nne.

Kwenye injini za zamani koki inavumilika, ila ina tabia zake. Gari linawaka na kwenda mita mia kadhaa kabla ya kukata, yaani linazimika barabarani badala ya uani kwako. Ukilirudisha limeingia hewa: fungua skrubu ya hewa kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, likigoma legeza nati za bomba za nozeli, zungusha stata, kaza. Na koki yenyewe ikianza kuvuta hewa kwenye maungio utapata gari gumu kuwaka asubuhi na utaanza kubadilisha vitu visivyo na kosa.

Kwa komoni reli, kata umeme wa ishara ya ufunguo unaoingia kwenye kompyuta ya injini. Kompyuta isipoamka, nozeli hazifunguki, kusukuma hakusaidii, na mashine ya kuprogramu funguo haiipati kompyuta hiyo kupitia soketi ya uchunguzi. Ni waya mwembamba wenye mzigo mdogo. Lakini upatikane kwa mchoro wa modeli yako, pini kwa pini. Usitafute kwa kuchomachoma na taa ya balbu. Balbu inavuta umeme mwingi kuliko baadhi ya njia za kompyuta zinavyoweza, utaiunguza. Mita ya dijitali tu.

Usikate sensa ya kranki, ile inayoiambia kompyuta injini inavyozunguka. Wapo wanaoipenda kwa sababu waya unafikika kirahisi. Unapata taa ya injini, kodi za hitilafu zinazojirudia, na maungio kwenye waya wa ishara ndogo karibu na joto la injini. Miezi sita baadaye gari linakatakata na hakuna anayekumbuka kulikuwa na swichi.

---

Eldo_Double_Cab

Shukrani. Na hizi mpya si zina chipu kwenye ufunguo?

---

Relei_87a

Baadhi. Modeli za kazi za bei ya chini ziliuzwa nchi nyingi bila chipu kabisa. Namna ya kujua: chonga ufunguo wa chuma tupu bila chipu, jaribu kuwasha. Ikiwaka, hauna ulinzi huo, na yeyote aliyewahi kushika ufunguo wako saa moja anaweza kuwa na nakala.

Zenye kitufe cha kuwashia zina tatizo lao. Ufunguo unatoa mawimbi, na kuna vifaa viwili vinavyoyarefusha kutoka sebuleni hadi kwenye gari. Kopo la chuma lenye kifuniko linasaidia, ila pima: weka ufunguo ndani, funga, shika kitasa cha gari kopo likiwa mkononi. Likifunguka, tafuta kopo jingine.

Kuna njia nyingine inayofahamika, ya kuingilia nyaya za mawasiliano ya gari kupitia taa ya mbele bila kugusa ufunguo. Hapo chipu haisaidii. Swichi ya siri iliyofungwa kwa waya tupu na relei inasaidia, kwa sababu haiongei lugha ya kompyuta.

---

Kapteni_Mbuyuni

Mimi naona swichi kubwa ya betri, ile ya ufunguo mwekundu, inamaliza kila kitu. Umeme hakuna, gari haliwaki.

---

Nozeli_Nne

Kapteni, ile ufunguo mwekundu wake unafanana duniani kote, unauzwa kwenye duka lilelile lililokuuzia swichi. Pia nyingi zinabeba ampea 100 mfululizo na kama 500 kwa sekunde tano. Stata ya 1HZ asubuhi ya baridi inazisukuma mpaka mwisho. Midomo inaungua ndani, unapata stata nzito, unafukuzia betri na altaneta bure. Ukiitaka nunua ya ampea 250 au 300.

Pia angalia una betri ngapi. Mkonga nyingi zina mbili. Zikiwa zimeungwa sambamba, ukikata moja, nyingine inaendelea kulisha. Na swichi hiyo usiizime wakati injini inanguruma: altaneta ikikosa betri ghafla volti zinaruka na dayodi zake zinakufa, pengine na redio.

Zaidi ya hapo, mwizi wa mkonga anaweza kuja na waya wake. Solenoidi haijali umeme umetoka betri gani. Tunarudi kwenye kofia ya chuma.

---

KijanaWaGerezani

Je, nikipitisha waya za uongo mbili tatu kwenye kofia, moja imefungwa bodi, ili akiiwekea umeme ipige shoti imkimbize?

---

Relei_87a

Waya za uongo sawa, rangi ileile, zisiende popote. Ya kufunga bodi usithubutu. Shoti ya betri juu ya pampu yenye unyevu wa dizeli ni moto, na gari linaloungua ni lako.

---

Mama_Gunia

Na vifungo vya chuma? Fimbo ya usukani ina maana?

---

Nozeli_Nne

Fimbo ya usukani inazuia mpita njia. Mwenye msumeno haikati fimbo, anakata duara la usukani, ndani ni bomba laini lenye povu. Bora kufuli ya pedali inayoshika klachi na breki pamoja. Kuifikia anainama chini kwenye giza na hana nafasi ya kuvuta msumeno. Kufuli ya gia inayofungwa sakafuni kwa bolti za kuvunjika kichwa ni nzuri pia. Ifungwe ikiwa kwenye rivasi: likiburutwa linagoma, na wakiliwasha litarudi nyuma tu.

Kwa fobaifo, wapo wanaoweka kile kifimbo kidogo cha gia kwenye N. Injini inawaka, gia inaingia, gari haliendi. Ni mchezo wa dakika mbili kwa anayelijua gari, na una hatari: gia haishiki tena gari, handibreki peke yake ndiyo inashika. Mtelemkoni weka kigingi au uache.

---

Eldo_Double_Cab

Treka, kile kifaa cha kufuatilia gari kwa simu, bado hamjaigusa, na kampuni za bima huku nyingi zinaiulizia.

---

Relei_87a

Treka haizuii wizi, inasaidia kutafuta. Iwekeni nafasi ya mwisho, ila iwekeni vizuri.

Kinachoziangusha mara nyingi ni kifurushi cha laini kuisha. Weka kumbukumbu ya tarehe kwenye simu. Laini isajiliwe kwa jina la mwenye gari, siyo la fundi.

Nenosiri. Treka nyingi za bei nafuu, Coban zikiwemo, hutoka kiwandani na 123456. Usipolibadilisha, mwenye namba ya laini anaiamuru. Julai 2022 CISA, shirika la usalama wa mitandao la Marekani, ilitoa tahadhari kuhusu treka ya MiCODUS MV720 kwa sababu mfumo wake ulikuwa na nenosiri lililoandikwa ndani moja kwa moja, na mtu wa mbali angeweza kutuma amri, ikiwemo ya kukata mafuta.

Relei ya treka: mafundi wanatumia pini 30 na 87a, yaani umeme unapita relei ikiwa imelala. Hilo ni sahihi kwa usalama barabarani, treka ikifa gari linaendelea. Maana yake pia ni kwamba treka iking'olewa, gari linawaka kama kawaida. Kwa hiyo isihesabiwe kama swichi ya siri. Na amri ya kuzima itumwe gari likiwa limesimama. Kulikata kwenye mwendo wa 80 ni kumgonga asiyehusika.

Mahali pa kuiweka: chini ya plastiki au kitambaa, uso wa antena juu, pasiwe na bati juu yake. Nyuma ya redio pameshazoeleka. Weka ya pili yenye betri yake, isiyoungwa popote, inayoamka mara moja au mbili kwa siku. Mwenye kifaa cha kuvuruga mawimbi hawezi kukiwasha siku tatu mfululizo.

Hesabu ya betri: treka ikila miliampea 50 muda wote ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Gari likilala wiki tatu ni 25 hivi. Betri ya 70 iliyochoka haitawasha dizeli baada ya hapo.

---

Kapteni_Mbuyuni

Mbali na gari zima, vipande ndivyo vinavyotembea sana. Nitaje vichache. Teligeti ya Hilux inainuliwa kwenye bawaba bila spana ikiwa kwenye pembe fulani: funga klipu ya chuma ya mpira wa rejeta kuzunguka bawaba ya upande inapochomokea, kichwa cha skrubu kitazame ndani. Tairi la akiba chini ya bodi linashushwa kwa nondo kupitia tundu la bampa. Pitisha mnyororo wa mm 8 kwenye rimu na chasisi, kufuli igeukie juu. Vioo na taa chonga namba za gari, kwa kina, siyo stika. Kompyuta ya injini ifungiwe kizimba cha nondo mm 6.

Dizeli: kifuniko chenye ufunguo hakitoshi kama tangi lina nati ya kumwagia chini. Izibe kwa bamba.

---

Eldo_Double_Cab

Niongeze karatasi. Logbook huku, kadi ya gari huko Tanzania, isikae ndani ya gari. Tembea na nakala. Piga picha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye reli ya kulia karibu na tairi la mbele, na namba ya injini. Likiibwa, OB huku au RB kwenu inaandikwa haraka ukiwa nazo mkononi. Bima ndogo hailipi gari lililoibwa, msidanganyane. Afrika Kusini magari mapya hupuliziwa maikrodoti tangu 2012, vidoti vidogo vyenye namba vinavyosambazwa sehemu nyingi za gari. Gari lililotoka huko likikosa vidoti, jiulize kabla hujanunua.

---

Nozeli_Nne

Kabla ya kumlipa fundi fanyeni majaribio haya, yeye akiwapo. Ufunguo ON bila kubonyeza kitufe: isiwake. Hivyohivyo kwa kusukuma, gia ya pili: isiwake. Bonyeza, iwake, zima, washa bila kubonyeza: isiwake. Ikiwa imewaka, tikisa nyaya zote ulizoweza kufikia, isizime wala kugugumia. Mwisho piga stata mara tano mfululizo, ili kuona relei inashika volti zikishuka. Kisha mchoro uchorwe kwenye karatasi, ukae nyumbani. Siyo kwenye simu ya fundi.

Gari likienda kuoshwa au gereji, mpe ufunguo wa gari peke yake bila ile sumaku. Uliwashe mwenyewe, ulisogeze mwenyewe.

---

Mama_Gunia

Swali la mwisho mkuu. Zile bolti za kofia ya chuma, mtu akija na spana si anazifungua?

---

Nozeli_Nne

Tumia bolti za alenki, M8. Ukishakaza, gonga gololi ya chuma inayobana ndani ya tundu la alenki mpaka izame. Spana haina pa kushika. Weka gundi ya epoksi juu ili maji yasiingie.

Siku solenoidi ikifa, gololi ni ngumu kuliko kekee yako, usijaribu kuitoboa. Saga kichwa cha bolti kwa grainda polepole, kofia itoke, mkia wa bolti ubaki na ushikwe kwa koleo. Betri uichomoe kwanza na pampu uifunike kwa gunia lililolowa maji, cheche zisifike kwenye bomba za mpira.